Kavera ya Hospitali

Sista Roselyn angeweza kusema plasta. Lakini siku ile foleni ya zahanati ilikuwa imefika barabarani, na Akwii, muuza uji wa Malaba, alikuwa na maswali mengi kuliko watu wa forodha. Bintiye, Brendah, alikuwa amemwagikiwa uji mkononi, akaungua ngozi ya juu tu. Roselyn alimbandika plasta ya utafiti, ile nyembamba inayokuonyesha kidonda bila kukifungua, ijulikane kama inaponya upesi kuliko bandeji.

"Hii ni nini, Sista?"

"Ni kavera tu ya hospitali, mama. Mkono usikae wazi."

Kavera! Mpakani hapa nani asiyeijua? Ni mfuko wa nailoni, uliopigwa marufuku Kenya na bado unavushwa kutoka Uganda ukiwa umefichwa chini ya nyanya. Roselyn alidhani amerahisisha mambo.

Akwii aliporudi siku chache baadaye, mkono wa Brendah ulikuwa umevimba na kunuka, umezungushiwa nailoni na kukazwa kwa uzi. Plasta ilikuwa imejaa maji ikabanduka, naye hakutaka kuharibu kazi ya watu. Akanunua kavera mpya, akaiosha kwa sabuni, akafunga.

Daktari Zephaniah, msimamizi wa utafiti, aliukata uzi huku mtoto akipiga mayowe. "Atapona," alisema, "lakini kovu litabaki. Mama, nani alikuambia ufunge nailoni?"

Akwii alimtupia Roselyn jicho, kisha akainama. "Ni ujinga yangu, daktari. Sista alinieleza vizuri, mimi ndio sikushika."

Roselyn alitamani ardhi ipasuke immeze. Daktari alikuwa ameshageukia dawa; angenyamaza tu, yaishe. Lakini mama huyu alikuwa akimkinga, na mtoto alikuwa angali analia.

"Ni mimi, daktari. Nilimwambia ni kavera."

Zephaniah alimkaripia vikali, na Roselyn aliyapokea makaripio yale karibu kwa furaha, kama mtu aliyetua mzigo. Akamwomba Akwii msamaha huku machozi yakimtoka.

Akwii hakulia. "Kumbe si mimi," alisema polepole. "Sista, mama mkwe wangu ako pale nje. Anasema nimeozesha mkono ya mtoto. Leo anamchukua aende kukaa na yeye Chakol, na mimi nisikanyage huko. Nikimwambia, hatasikia. Kuja umwambie wewe."

Walitoka nje. Kwenye benchi alikuwa ameketi mama mkwe, mkoba wa nguo za Brendah mapajani. Alipomwona Roselyn aliinuka upesi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akubariki, Sista," alisema. "Bila wewe huyu mwanamke angemaliza mtoto."

Akwii alisimama nyuma yao, akingoja.