Chupa Zinazokohoa

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, mwonjaji wa kampuni ya mvinyo alipanga glasi sita juu ya kitambaa cheupe, akasogeza ndoo ya kutemea karibu na goti, kisha akazibua chupa ya kwanza ya mavuno mapya. Chupa ikakohoa mara mbili. Akaifuta mdomo kwa adabu, akamimina.

Wenzake walimwita Ulimi. Ndiye anayesimulia haya, ila ameona afadhali ajitaje kwa mbali, kama mtu anayemsengenya jirani. Akisema "mimi" ataanza kujitetea. Kazi yake ilikuwa kusukutua mvinyo, kuutema, kisha kuuandikia lebo: ladha yake, asili yake na chakula kinachoendana nao. Kwa miaka kumi na mmoja aliandika "harufu ya cheri zilizoiva", na cheri pekee aliyowahi kuiona ilichorwa kwenye boksi la keki. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa na kitambulisho cha kazi chenye picha.

Mvinyo wa siku hiyo ulikuwa mwekundu mzito, wa rangi ya biringanya. Ulikuwa na ladha ya tunda la forosadi, pilipili manga kidogo, na ukakasi uliokamata fizi kama ndizi mbichi. Alipoutema, uchungu fulani ukabaki kooni, na glasi nayo ikakohoa: kikohozi kifupi kimoja, kirefu kimoja. Hapo akakitambua. Kilikuwa kikohozi cha dada yake.

Hakuwa na la kubisha, maana walilala chumba kimoja utoto wao wote. Dada huyo alichuma zabibu kwenye shamba lile lile lililotoa mvinyo, kule mlimani. Ulimi ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, na alijisifia jambo hilo katika kila harusi ya ukoo.

Mchana akampigia simu, wakajuliana hali, akamweleza kwamba chupa zinakohoa kwa sauti yake. Dada alisema hilo halimshangazi. Anakohoa kutwa, na kikohozi lazima kiende mahali. Trekta la kupulizia dawa ya wadudu hupita huku wachumaji wakiwa bado kati ya mistari ya mizabibu, kwa sababu msimamizi hataki kazi isimame hata saa moja.

"Kaka, si wewe unayeandika pale kwenye chupa?" akasema. "Andika tu wasubiri tutoke. Kifua hiki hakitafika mavuno mengine."

Ulimi aliona uchungu, akaona na aibu, na akaahidi. Aliandika: "Anayekohoa ni mchumaji anayepuliziwa dawa akiwa kazini. Wasubiri watoke." Damu ni nzito kuliko maji, na siku ile alijiona ana damu nyingi. Akampelekea meneja wa mauzo.

Meneja alisoma, akazibua chupa ili asikilize. Alisema kikohozi ni kizuri, ila neno "dawa" linakata hamu ya kula. Je, haiwezekani kusema jambo hilo hilo kwa lugha ya kazi? Ulimi hakuambiwa mara mbili. Kwa nusu saa, bila kushikiwa fimbo na mtu, akatoa hii: "Mwisho mrefu, wenye pumzi ya shamba. Unaendana na nyama nyekundu ya kuchoma na jibini kali." Aliipenda sana hiyo "pumzi ya shamba". Alijiambia wenye akili wataelewa.

Wenye akili walinunua kwa makatoni. Hotelini wahudumu walifundishwa kuiacha chupa imalize kukohoa ndipo wamimine. Wageni walinyamaza kwa heshima, na wengine waliiambia pole kabla ya kuulizia nyama.

Ulimi alimtumia dada yake chupa moja. Dada akapiga simu.

"Nimeisoma lebo yote. Mimi ni sehemu ipi hapa?"

"Pumzi ya shamba."

"Umeandika vizuri, kaka," akasema, kisha akakohoa, na chupa zote katika kabati la Ulimi zikaitikia.

Mavuno yaliyofuata yalifika tena Jumanne. Ulimi alipanga glasi sita, akasogeza ndoo, akazibua. Chupa ikakohoa, lakini sauti haikuwa ile. Hii ilikuwa nyembamba, ya mtu asiyezoea bado. Ulimi aliijua kwa sababu aliwahi kumbeba mwenye nayo mgongoni usiku wa homa. Alikuwa mpwa wake, binti wa dada, aliyeshika mstari wa mama yake. Mama mtu sasa alikuwa nyumbani, akilala ameketi, kwa kuwa akijinyoosha pumzi hukatika.

Ulimi akasukutua, akatema kwenye ndoo. Akaiambia glasi pole. Kisha akachukua kalamu, akafikiri, na kuandika:

"Mchanga na mwepesi kuliko wa mwaka jana. Unaendana hata na kuku."