Neno la Mkaa Mlangoni

Nitaanza na kosa langu mimi, maana ya wengine yameshasemwa kijiji chetu kizima cha Mgori mpaka wasemaji wamechoka.

Mwezi wa tatu mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona. Nilikuwa kidato cha tano kwa masista, Arusha, na ndani ya basi nilikaa na mwanamke aliyekohoa tangu Babati hadi Singida. Nesi Asnath wa zahanati aliponihoji hakunizungusha. "Flora, siku kumi na nne, chumba kimoja, usimguse mtu." Nyumbani tulikuwa watatu tu: mama, kaka yangu Simoni na mimi. Baba alishafariki. Simoni alikuwa na miaka ishirini na mbili, alichunga ng'ombe wetu kumi na tisa, na ndiye aliyeacha shule ili mimi nisiache.

Nikapewa stoo ya mahindi, ile inayoshikana ukuta na zizi. Nikaokota kipande cha mkaa jikoni, nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: KARANTINI. USIINGIE. Neno lenyewe nililitoa redioni. Nilirudi nyuma kidogo nikaliangalia, nikaona nimeandika vizuri sana.

Siku zile nilizifurahia, siwezi kusema uongo. Asubuhi nilisali rozari, kisha nilisoma hadi macho yaume. Nilikuwa na kitabu cha baiolojia na kingine kinene cha mashahidi wa imani, nilichoazimwa na sista wa maktaba. Humo watu walichunwa ngozi, walivunjwa magoti kwa nyundo, walichomwa polepole juu ya wavu wa chuma, nami nasoma huku natafuna karanga. Mama aliweka ugali na mlenda kizingitini, akagonga, akaondoka. Jioni Simoni akishafunga ng'ombe aliegemea ukuta upande wa zizi na kusema, "Haya, leo nani anakufa?" Nikamsomea kwa sauti mpaka giza liingie.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Jumanne. Simoni akauliza kama ndiyo mwisho, nikamwambia bado, ni kesho. Nilijua hesabu. Lakini kutoka nje kulikuwa na maana ya ndoo za maji na jembe kwenye alizeti, na nilikuwa nimebakiza kurasa arobaini. Nikajiibia siku moja.

Sasa kuhusu lile neno. Kwetu karantini haikuanza na korona. Ilianza na ng'ombe. Nilipokuwa mdogo homa ya mapafu iliingia kijijini, bwana mifugo akapita na ndoo ya chokaa, akaliandika neno hilo kwenye miti ya kila zizi lenye ugonjwa. Mwenye zizi mmoja alifuta chokaa usiku, asubuhi akapeleka ng'ombe wake kunywa maji lamboni pamoja na wa wenzake. Mzee Chediel, jirani yetu wa ng'ambo ya lambo, alizika ng'ombe thelathini na mmoja mwaka ule. Alikuwa mtu wa kucheka, akaacha. Na mimi, msomi, nikaenda kuliandika neno lilelile kwenye mlango ulio ubavuni mwa zizi.

Jumatano asubuhi Simoni alishapeleka ng'ombe kunywa maji. Mzee Chediel alipita kwetu kuomba mbegu, hakukuta mtu uani, akakuta mlango. Nilisikia hatua zake zikija, zikasimama, zikaondoka mbio. Nikafungua ukurasa mwingine.

Yaliyofuata aliyasema yeye mwenyewe mbele ya hakimu, kwa hiyo sibuni. Alikusanya wanaume watano wenye fimbo na mapanga, wakashuka lamboni kuwafukuza ng'ombe wetu kabla hawajagusa maji. Walichelewa. Ng'ombe walikuwa wameshazama hadi magotini.

"Shikamoo, mzee," Simoni alisema.

Chediel hakuitikia. "Kwenu kuna karantini?"

"Ndiyo, mzee, ipo. Ila inaisha leo."

Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, kwa hiyo hakueleza tena chochote.

Mimi nilichosikia kwanza ni dume letu jekundu likilia. Nilipanda juu ya gunia, nikachungulia kwenye tundu la dirisha linalotazama lamboni. Dume lilikuwa limekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, linajivuta kwenye tope, na maji yamegeuka rangi. Mwanaume mmoja alikuwa juu yake na panga. Wengine walikuwa wameinama wakipiga kitu chini, wanapokezana, kwa mwendo wa watu wanaopura mtama. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kile kitu kina shati la Simoni.

Nilisukuma mlango kwa bega. Nilikimbia peku, nikapiga kelele, "Karantini ni yangu! Ng'ombe ni wazima! Ni mimi ninayeumwa, nina korona!" Hawakusikia, au hawakutaka. Fimbo moja ilinipata mgongoni nilipomlalia Simoni, nyingine ikanivunja kidole. Ndipo nikainua uso nikawakoholea, kwa nguvu zote za kifua changu, nikageuka huku na huku kumtafuta kila mmoja. Walirudi nyuma kwa kasi, mmoja akaanguka kwenye maji.

"Si ng'ombe?" Chediel aliuliza.

"Ni mimi, mzee. Ni mimi tangu mwanzo."

Aliangalia fimbo yake, kisha akamwangalia Simoni. Fuvu lilikuwa limebonyea juu ya sikio, na jicho moja halikuwepo mahali pake. Alikuwa bado anapumua, kwa sauti ya mtu anayekoroma.

"Mbebeni," nikasema. "Mpelekeni zahanati."

Hakuna aliyesogea. Nikaapa kwamba nimedanganya, kwamba sina korona, kwamba siku zangu ziliisha jana, muulizeni nesi. "Msimsogelee," mmoja aliwaambia wenzake. "Anataka tufe naye." Walimpigia simu mwenye bodaboda, alifika hadi kwenye mteremko, akaambiwa kuna korona, akageuza pikipiki. Niliwachukia kwa chuki ambayo sikuwahi kuisoma popote, na hadi leo sijaipeleka kitubioni.

Mama alikuja kutoka shambani. Hakulia. Alivua kitenge chake, tukamlaza Simoni juu yake, mama akashika upande wa miguu, mimi wa kichwa. Zahanati ni mwendo wa saa moja kwa mtu asiye na mzigo. Kila hatua hamsini mikono ilikufa ganzi, tukamweka chini, tukamnyanyua tena. Damu ilipita kwenye kitenge ikanichirizikia miguuni.

Na wao walitufuata. Wote sita, wamepangana njiani, hatua ishirini nyuma yetu, wasiongeze wala wasipunguze. Tukipumzika, wanasimama. Chediel alilia kwa sauti njia nzima, anamwita Simoni mwanangu, anaomba Mungu amponye, na hakusogea. Alikuwa amevua hata koti lake kwa ajili ya kumfunika, akalishika mkononi.

Tulipofika kwenye mawe makubwa, nusu ya safari, kukoroma kulikoma. Niliweka sikio kwenye kifua cha kaka yangu, nikakaa hapo muda mrefu. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ananiangalia. Akamfumba Simoni jicho lililobaki.

"Vipi?" Chediel aliita kutoka kule nyuma. "Mama Simoni, anaendeleaje?"

Nikamjibu kabla ya mama. "Bado anapumua, mzee. Tufuateni."

Tukamnyanyua, mama na mimi, tukaendelea kumbeba taratibu, nao nyuma yetu wakaanza kumwombea apone.