Kuchechemea kwa Naliaka

Jumanne saa nne asubuhi, Kyalo alimpeleka Naliaka kliniki moja ya Ruiru akapimwe anavyotembea. Naliaka alifanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Thika, na Kyalo alikuwa supavaiza wake. Mwezi wa Machi alimpandisha ngazi mbovu afunge nailoni ya grinihausi. Naliaka akaanguka, akavunjika nyonga. Kwenye ripoti Kyalo aliandika kwamba mama huyu alikuja kazini tayari anachechemea. Naliaka hakuonyeshwa ripoti hiyo.

Mehak, mpimaji, aliwasha kamera tatu, akamwambia Naliaka atembee kutoka mlangoni hadi dirishani. Naliaka akaenda akiburuta mguu wa kulia, mkono ukutani. Kwenye kompyuta, mistari iliyochora mifupa yake ilitembea wima, hatua sawasawa.

Mehak alirudia mara mbili. Kisha akamwomba Kyalo naye atembee, ajue kama kamera zina shida. Kyalo akatembea vizuri tu. Mistari yake ikachechemea, mguu wa kulia ukiburutwa, mkono ukitafuta ukuta.

"Kamera ziko sawa," Mehak alisema. "Kuchechemea kwa mama kumeenda kwako. Hutokea."

Naliaka aliinama akaangalia skrini.

"Pole, Supa," akasema. "Ukilala, weka nguo katikati ya magoti. Itakusaidia."

Kyalo alitaka kumwambia kuhusu ripoti, hata akafungua mdomo.

"Asante, mama," akasema.

Mehak alichapa karatasi mbili. Ya Naliaka ilisema anatembea bila shida yoyote. Ya Kyalo ilisema nyonga yake iliumia miezi mitano iliyopita, kwa kuanguka.

"Ulianguka kazini?" Mehak aliuliza.

"Kuna mtu alianguka," Kyalo alijibu, macho chini.

Mehak akaandika: kazini.

Ijumaa ofisi ya shamba ilizisoma karatasi zote mbili. Kyalo alitolewa kwenye kuzungukazunguka shambani, akapewa kiti mlangoni pa chumba cha kupakia maua. Naliaka alirudishwa kubeba ndoo.

Jumatatu alipita hapo na ndoo mbili za waridi, akiburuta mguu, maji yakimmwagikia kwenye gambuti.

"Umeamkaje, Supa? Nyonga je?"

"Afadhali," Kyalo alisema bila kumtazama. Akavuta kiti nyuma kidogo, ampishe.