Feni ya Pijo ya Ishengoma

Jumapili baada ya misa, mwaka wa pili baada ya Azimio, Celina alivua viatu vya kanisani, akajifunga kanga kiunoni na kufungua boneti ya Pijo ya marehemu baba yake. Ukoo mzima ulikuwa uani pale Kamachumu, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, wakitafuna kahawa. Ishengoma alikuwa ametamka mbele yao kabla hajafa: atakayeliponya gari likaunguruma bila maji kuchemka, huyo ndiye atakayerithi kibanja, pamoja na nyumba, migomba na mibuni. Celina alikuwa mtoto wake wa pekee. Wazee walikubali kwa moyo mweupe, maana walikuwa na Projestus, mtoto wa kaka ya marehemu, aliyewahi kuendesha lori.

Celina alishindwa kuificha furaha yake. Mkanda ulikuwa umekaza vizuri. Rejeta ilijaa maji. Basi ubaya uko kwenye feni yenyewe, akawaza, na moyo ukamwenda mbio. Feni ya Pijo haizunguki ovyo. Husubiri maji yapate moto, ndipo sumaku iishike. Akawasha injini, akangoja mshale wa moto upande, akaunga waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Feni ikashika, ikavuma, kisha ikaacha.

"Kaboni!" akapiga kelele. "Ma, ni kaboni tu, zile za kupeleka umeme kwenye sumaku, zimelika!"

"Kaboni zinauzwa Bukoba," akasema Ta Lwakatare, baba yake mdogo na balozi wa nyumba kumi. "Na leo maduka yamefungwa."

Mshale ukakaribia wekundu. Kuzima kulikuwa kushindwa, kwa hiyo Celina hakuzima. Hapo migomba ikainama. Ulianza mmoja karibu na jiko, ikafuata ya nyuma yake, mpaka kibanja kizima kikawa kinalipepea gari kwa majani, kwa zamu. Wanawake walisogeza mikeka ili majani yapite. Mshale ukarudi katikati, ukatulia. Celina alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mama yake, Georgina, akapiga vigelegele.

Projestus naye akapewa nafasi yake. Alikaa kwenye usukani akisubiri, na jani halikutikisika. Maji yakachemka, yakarusha kifuniko cha rejeta juu ya paa.

Wazee wakanong'onezana kwa Kihaya. Ta Lwakatare, ambaye katika kila mkutano wa chama alihubiri usawa, akasimama na kuinyoosha beji yake kifuani.

"Mwanangu, umefanya kazi nzuri, sote tumeona. Lakini feni haikuzunguka. Kilichopoza ni migomba, na migomba ni ya ukoo. Binti ataolewa, ataipeleka wapi? Mrithi ni Projestus."

"Mbona haikumpepea yeye, Ta?"

"Hilo uiulize migomba."

Kahawa ikazungushwa tena.

Asubuhi yake Projestus aligonga mlango wa jiko, walikohamishiwa Celina na mama yake. Alikuwa anakwenda Bukoba kununua kaboni.

"Dada, njoo usimame kidogo hapa mbele."

Celina akatoka, akiwa bado na hamu ya kuisikia injini. Akamweleza kaboni za kununua ni za ukubwa gani. Migomba ikainama, ikalipepea gari mpaka kibanja kilipoishia, na Projestus akashika njia, funguo za nyumba zikiwa mfukoni mwake.