Pale Pasipouma

Kila asubuhi, kabla hajaenda kazini, mke wa fundi saa alimchoma mumewe mara mbili: kwanza kidoleni, kupata tone la damu la kupimia sukari, kisha tumboni, sindano ya insulini. Fundi angejichoma mwenyewe, ila macho yake, yaliyokaa miaka thelathini yakichungulia vigurudumu vidogo kuliko punje ya mtama, sasa hayakuweza kusoma hata tarakimu za kwenye bomba la sindano.

"Ngapi leo?" aliuliza.

"Kumi na saba."

"Na jana?"

"Kumi na saba. Juzi kumi na nane. Usiniulize tena, Fundi. Nimechoka kuzitaja."

Kweli alikuwa amechoka. Alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, na jioni alirudi miguu imevimba, vidole vimechunika kwa sabuni. Hapo apike, apime tena, aandike kwenye daftari. Daktari alikuwa amekwisha kuongeza dawa mara tatu, kutoka yuniti kumi na nane hadi ishirini na nne, kisha thelathini, kisha thelathini na sita. Sukari haikutikisika. Safari ya mwisho daktari alilifunua daftari, akavua miwani, akauliza, "Mama, huyu mzee anakula nini akiwa peke yake?"

Swali lile liliingia kichwani mwa mke likapanga chumba. Akaanza kunusa vikombe. Akaanza kupekua makoti. Jumamosi moja akakuta pipi mbili mfukoni mwa koti la kijivu, akazitupa mezani.

"Hizi nini?"

Fundi alizipapasa. "Si zile nilizopewa kliniki? Walisema niwe nazo, sukari ikishuka ghafla zinisaidie. Mke wangu, haijawahi kushuka hata siku moja. Ndiyo maana bado zipo mbili."

Alikuwa akimchekesha, lakini mke hakucheka. Alivaa kanga begani, akaenda moja kwa moja kwa mwenye duka wa jirani, ambako Fundi alizoea kukaa barazani na wazee wenzake. Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kubembeleza:

"Kuanzia leo, mume wangu akija hapa, soda usimpe. Biskuti usimpe. Hata akilia, usimpe!"

Wazee waliokaa barazani wakageuza shingo. Mke alipogeuka, alimwona Fundi amesimama nyuma yake na fimbo yake. Alikuwa amemfuata taratibu, akapapasa njia nzima, akafika wakati wa kuyasikia hayo. Aligeuza fimbo, akarudi nyumbani.

Baada ya siku ile hakukanyaga tena barazani. Mezani akala nusu sahani, akaisukuma. Akiambiwa ongeza, alijibu, "Nimeshiba, bibie, usije ukaniandika." Wiki mbili zikapita. Shati likampwaya, kiu haikumtoka, na mashine ikasoma kumi na tisa.

Siku ya kliniki walimkuta muuguzi mgeni, mama mnene mwenye sauti nzito. Walikuwa wameagizwa kuja na dawa ya asubuhi bila kuichoma. Muuguzi hakulitazama daftari.

"Mchome hapahapa, mama, nione mnavyofanya."

Mke akavuta dawa, akatoa mapovu ya hewa. Fundi akapandisha shati. Sindano ikaingia kushoto mwa kitovu, na Fundi hakupepesa hata jicho.

"Mzee, huumii?"

"Nani, mimi? Huyu ana mkono wa pamba."

Muuguzi akapabonyeza pale, akakunja uso, akamshika mke mkono. "Bonyeza na wewe, mama."

Chini ya ngozi palikuwa na kitu kama donge la unga uliokandwa, laini lakini kimetuna. Mke alikuwa amepagusa pale kila siku bila kulihisi.

"Mnachoma hapa tangu lini?"

"Mwaka na nusu. Sehemu nyingine alikuwa anaruka kwa maumivu. Hapa haumii."

"Haumii kwa sababu pameota sugu la mafuta. Dawa ikiingia inalala humohumo, haifiki kwenye damu. Mmekuwa mkiongeza mzigo kwenye ghala lililofungwa."

"Kwa hiyo hakuwa anakula…"

"Kula nini? Mtazame alivyokonda! Mpe chakula." Kisha akaeleza polepole: kuanzia kesho wahamie mapajani, na kila siku wasogee upana wa vidole viwili. Alitoka kuzungumza na daktari, akarudi na kiwango kipya, yuniti ishirini na nane. "Ngozi isiyo na sugu inanywa dawa sawasawa. Mkimpa zile thelathini na sita, sukari itashuka ghafla, aanguke. Pimeni mara nne kwa siku, mnipigie simu siku ya tatu."

Walikaa kwenye benchi la nje. Mke aliangalia mikono yake.

"Fundi, nisamehe."

"La tumbo au la soda?"

"Yote mawili."

Fundi aliilaza fimbo magotini. "La tumbo ulinihurumia, siwezi kukulaumu. La soda liliniuma."

Kesho yake, mke akitoka kazini, alipita dukani, wazee wale wale wakiwepo, akasema, "Nilimsingizia mume wangu. Hakuwa anakula chochote kwa kujificha." Mwenye duka akaitikia tu, "Sawa, mama." Ilimchukua Fundi siku nne nyingine kurudi barazani.

Na sukari haikushuka kama jiwe. Kumi na tano, kumi na tatu, ikapanda tena kumi na sita, mke akaona bure kabisa. Muuguzi alimwambia kwenye simu wasiguse kiwango, wavumilie. Paja liliuma. Fundi alisonya kila asubuhi, na kila asubuhi mke akasema pole, akachoma.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili mashine ilisoma tisa. Akaifuta kwa kanga, akasoma tena.

"Ngapi?"

"Tisa."

Hakushangilia. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake vya kazi miguuni, kana kwamba uchovu wa mwaka na nusu ulikuwa umengoja ruhusa. Fundi alisikia godoro likibonyea. Akasogea ukutani, akampisha alale.