Kipande cha Mwenye Nyumba

Pelagia hakuwa mwanamke wa maneno matamu. Kama alimpenda mumewe, na alimpenda hasa, alimwonyesha kwa nyama. Kila jioni pale kijijini Ntalikwa alipanda kigoda, akanyoosha mkono kwenye uchaga uliokuwa juu ya moto, akachagua kipande kilichokolea moshi mpaka kikawa cheusi, akakiweka juu ya ugali wa Bernardo. Watoto walikodoa macho tu. Kile kilikuwa kipande cha mwenye nyumba, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Baba yake Bernardo alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba pembe hadi pwani, na nyama iliyokolezwa chumvi ya Uvinza na kubanikwa ndiyo iliyompeleka na kumrudisha salama. Ndiyo maana katika ukoo ule, ukionekana unakula mboga za majani mara mbili mfululizo, unaulizwa kama unaumwa.

Basi Bernardo akaumwa kweli. Akaanza kupata choo cha damu, na suruali ikawa inamvuka. Kwa aibu zake akanyamaza miezi na miezi, na Pelagia alipomwona anakonda akaongeza nyama. Angefanya nini zaidi, jamani?

Alipozidiwa wakaenda hospitali ya mjini. Daktari alikuwa Mwingereza aliyejua Kiswahili vya kutosha. Akampima Bernardo tumbo, akasema kuna uvimbe utumboni, ni kansa, na umekwisha kuwa mkubwa mno kukatwa. Pelagia akauliza umetoka wapi.

"Hatujui kwa hakika, mama," daktari akasema. "Wapo madaktari wanaoshuku nyama ya chumvi na moshi, mtu akiila kila siku kwa miaka mingi. Ushahidi bado hatuna. Lakini aiache. Tena kwa tumbo hili nyama ngumu itamtesa."

Ilikuwa wiki ya Majivu, Kwaresima inaanza, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Mzungu anasema acheni nyama, na kanisani padri naye anasema acheni nyama. Pelagia angeelewa nini? Alielewa mfungo, na mfungo una mwisho wake. Akaushika kuliko parokia nzima: uji, mlenda, maharage mpaka yalainike kabisa. Maumivu yakapungua. Bernardo akawa anakaa kibarazani na kumtania, "Mama Josepha, majani haya yatanigeuza mbuzi!" Pelagia akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliamini mumewe anapona. Loo, alivyoamini!

Siku ya Pasaka, walipotoka misani, akapanda kigoda. Alikuwa ameweka ubavu mmoja tangu kabla ya Majivu, ameulinda na paka na wageni. Akauandaa mbele ya mumewe, akasimama pale, furaha yote imemjaa usoni. Bernardo akautazama ubavu, akamtazama mkewe.

"Umenikumbuka leo," akasema, akala wote.

Kabla jua halijazama tumbo lilikuwa limemkaza hata kupumua ni shida. Alipolala kitandani hospitalini, daktari alimwambia Pelagia asijilaumu kwa ubavu mmoja, ugonjwa ule ulianza zamani sana. Maneno ya kufariji hayo, lakini hayakumfariji. Hizo zamani, nani alikuwa anapanda kigoda?

Bernardo akamwita karibu. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo.

"Nilijua," akasema. "Daktari aliponiambia niiache, alimaanisha maisha yote. Si Kwaresima tu."

"Sasa mbona ulikula, Baba Josepha?"

"Ulikuwa umesimama pale."

Pelagia akalia, akauficha uso kwenye shuka. Mumewe akamwacha alie, kisha akasema, "Kwenye kiti changu atakaa mdogo wangu, Silasi. Kipande changu usimpe."

Wakamzika juma lile. Siku ya kuondoa matanga, Silasi akakalishwa kwenye kiti cha marehemu, akanawa mikono, akangoja. Kwa desturi yao, mrithi haandaliwi maharage. Anaandaliwa kipande cha mwenye nyumba mbele ya ukoo wote, ndipo anahesabiwa amepokelewa. Uchaga ulikuwa umejaa, kila mtu aliuona. Pelagia akaleta ugali na bakuli la maharage.

Shangazi Tekla, dada yake Silasi, akaruka juu. "Heee! Unamnyima mrithi? Unataka kumfukuza shemeji yako mchana kweupe?"

Silasi mwenyewe uso ulimshuka. "Shemeji, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," Pelagia akasema. "Kaka yako nilimpa nyama kila siku kwa mapenzi yangu yote, naye akala kwa sababu nimesimama mbele yake. Wewe nakutaka uzeeke. Kula, shemeji."

Kisha akasimama palepale alipokuwa akisimama siku zote, akamkazia macho. Wazee wakanong'ona. Silasi akalitazama lile bakuli, akamtazama Pelagia, akamega tonge.