Nishani ya Mgonjwa Asiyeumwa

Profesa alikuwa amesimama juu ya kiti akifuta utandobui kwenye kona ya dari, fundi cherehani wa nyumba ya jirani alipoingia na mfuko wa machungwa na uso wa msibani.

"Shoga! Nani kakupandisha huko na hali yako hiyo? Shuka ukalale!"

"Hali gani?"

"Redio imesema. Eti u taabani, hata kuketi huwezi, na nishani yako itapokewa na mdogo wako leo alasiri. Nimeacha gauni la mteja kwenye mashine nikaja mbio."

Profesa alishuka taratibu. Hakuwa na hata mafua. Alikaa kwenye kile kile kiti alichokuwa amekipanda, kitambaa cha vumbi kikiwa bado mkononi.

"Rudia," alisema. "Wamesema mimi ninaumwa?"

"Mahututi, shoga. Ndilo neno walilotumia."

Enzi za ujana wake, Profesa alikuwa mkemia katika taasisi ya utafiti ya serikali. Nyuma ya mtaa huu kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari, na moshi wake ulishuka juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mchanga waliouchezea watoto. Alipima mchanga ule, kisha akapima damu za watoto, akakuta madini ya risasi, sumu inayoutafuna ubongo wa mtoto kimyakimya. Alimpelekea mkurugenzi wake majibu mkononi. Mkurugenzi akafunga mlango, akamwambia maneno hayo yatawafukuza wenye mitaji. Profesa alikataa kumeza alichokiona. Jumatatu iliyofuata alikuta kufuli jipya kwenye maabara yake, na magazeti yakamwita mzushi.

Kiwanda kikaendelea kufuka kama kawaida. Katika miaka hiyo ndipo binti wa fundi cherehani, mtoto aliyekwisha kujua kuita mama na kuomba maji, alipoanza kupoteza maneno yake moja baada ya jingine. Sasa ni mwanamke mzima, na mama yake ndiye anayemfunga vifungo vya blauzi.

Baadaye wataalamu wa nchi nyingine walipima upya, wakathibitisha kila alichosema Profesa, na kiwanda kikafungwa. Jina lake likawa linafundishwa vyuoni, naye mwenyewe akafundisha huko hadi akawa profesa. Na serikali ilipoanzisha Nishani ya Ustahilifu kwa ajili ya wanasayansi na wanafikra wakubwa, uenyekiti wa kamati akapewa nani? Yule yule mkurugenzi, sasa ana mvi na sauti laini kama pamba.

Alimpigia simu mwenyewe mwezi uliopita. "Profesa, yaliyopita si ndwele. Taifa linataka kukuenzi."

"Nitakuja kwa sharti moja," Profesa alijibu. "Isemwe pale ukumbini kwamba nilifungiwa mlango, na kwamba mliokuwa mnajua mlinyamaza."

Mwenyekiti alicheka. "Siku ya sherehe hatufukui makaburi, mama."

"Basi tafuteni kichwa kingine cha kuvika kilemba cha ukoka." Akakata simu, akadhani yamekwisha.

Kumbe hayakuisha. Mdogo wake, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, alikuwa amemlilia wiki nzima. "Dada, katika ukoo wetu nani amewahi kuvishwa hata utepe? Wafikirie wajukuu!" Juzi alikoma kulia ghafla, na Profesa akafurahi kwamba ameelewa.

"Ameelewa kweli," alisema sasa, akikitupa kitambaa sakafuni. "Shoga, nipishe nivae."

"Unakwenda wapi?"

"Kuwaonyesha maiti yao."

Fundi alipitia kwake kumchukua binti yake, maana hakuwa na wa kumwachia, wakaondoka watatu.

Langoni pa ukumbi askari aliangalia orodha yake, akamwangalia Profesa, akaangalia orodha tena. "Samahani mama, huyu hapa wameandika anaumwa."

"Amepona, mwanangu. Fungua."

Alifungua, akijizuia kucheka.

Ndani kulikuwa na viti vya mahameli na feni zilizozunguka bila kuleta upepo. Mwenyekiti alikuwa kwenye kipaza sauti: "...ambaye alifanya utafiti wake bega kwa bega na taasisi yetu, na ambaye, kwa masikitiko, maradhi yamemzuia..." Pembeni yake alisimama mdogo wake Profesa, kifua mbele, kijisanduku chekundu kikiwa wazi viganjani.

Mdogo mtu ndiye aliyemwona kwanza. Kifua kikanywea.

"Siumwi," Profesa alisema kutoka katikati ya ukumbi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kufundisha madarasa yasiyo na vipaza sauti, ikafika hadi viti vya nyuma. "Sikuumwa jana wala juzi. Nishani hii niliikataa. Nyinyi mkaona heri niwe mahututi kuliko niwe na hasira."

Mwenyekiti alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Profesa, unajidhalilisha. Njoo tuzungumze nyuma."

"Nyuma tulishazungumza, mlango ukiwa umefungwa, na majibu ya damu yakiwa mezani kwako. Ulijua! Ulijua watoto wanakula sumu, ukanunua kufuli."

Mtu alianza kupiga makofi, mwingine akamzomea. Kelele zilimtisha binti wa fundi, akaziba masikio, akaanza kulia kwa mlio mrefu wa mtoto mchanga. Ukumbi ukanyamaza wote. Mama yake alimkumbatia, na kwa kuwa macho yalikuwa kwake, akasema, bila kupaza sauti:

"Alikuwa anasema 'maji.' Nilimsikia kwa masikio yangu. Alikuwa anasema."

Profesa alipanda ngazi za jukwaa hadi alipokuwa mdogo wake.

"Dada, watu wanatazama," alinong'ona.

"Acha watazame. Umeipokea wewe, irudishe wewe."

Mwalimu mkuu mstaafu aliwatazama wajukuu zake mstari wa pili, wamevaa nguo za sikukuu. Akamtazama yule binti wa fundi aliyekuwa bado analia. Akafunga kijisanduku, akakiweka juu ya meza mbele ya mwenyekiti, akashuka bila kumuaga mtu.

Bendi iliamriwa ipige.

Jioni redio ilitangaza kwamba Profesa, licha ya maradhi, alijikongoja hadi ukumbini, ambako alizidiwa na furaha. Profesa alicheka kicheko kikali, kisha akaipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Furaha! Hawa watu hawana hata soni ya kuazima!"

Asubuhi mdogo wake alivaa tai yake akaenda kituo cha redio. Walimweka kwenye benchi, wakamwambia mhariri hayupo. Akangoja. Mhariri alipotoka mchana, alimkuta palepale. "Mimi ndiye niliyesema anaumwa," mzee alimwambia. "Mwenyekiti aliniomba uongo, nami nikampa kwa sababu nilitaka kupigwa picha. Andika hivyo." Mhariri hakuandika. Lakini mwandishi wa gazeti dogo, aliyekuja kulipia tangazo, aliyasikia yote, akamfuata nje, na kesho yake yakatoka neno kwa neno, na habari ya kufuli juu yake.

Mwenyekiti hakujiuzulu. Alisema gazeti linatafuta wanunuzi. Ila safari hii waliokuwa watoto wa mtaa ule, pamoja na mama zao, walikwenda kusimama nje ya ofisi yake, na kila walipoondolewa walirudi.

Mdogo mtu alikwenda kwa dada yake na gazeti kwapani, akabaki mlangoni.

"Nimesema, Dada."

"Nimesoma." Profesa alikuwa anavaa viatu, fundi, akiwa amemshika binti yake mkono, alikuwa anamngoja barabarani waende ofisini kwa mwenyekiti. "Sijakusamehe bado. Mshike mtoto mkono ule mwingine, twende."